UZI: Kazi ya mlezi anayelala kambini na vijana porini (Uganda). Soma kabla hujasaini

#1 Mlezi_Mpanga

Wakuu, msimu wa vac (likizo ndefu ya shule) umekaribia na matangazo yameanza kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp: anahitajika anko au anti wa kukaa na vijana kambini, chakula na malazi bure. Wengi huomba wakidhani kazi ni kupanda milima na kuimba kando ya moto. Kazi hii ni ya usiku. Mchana kuna mwongoza njia, mwalimu wa kamba, mpishi na dereva. Giza likishaingia, kama saa moja, wote hao wana pa kwenda, na unabaki wewe na vijana wako mpaka kuche. Mambo mengi yanayoharibika kambini huharibika katika saa hizo kumi na mbili, na waajiri wengi hawakufundishi lolote kuhusu saa hizo.

Nazungumzia programu za wiki mbili hadi nane, vijana wa miaka 13 hadi 17, kwenye mahema au mabanda karibu na msitu, ziwa au mlima. Baadhi ya vijana wamekuja kwa hiari yao. Wengine wameletwa na wazazi kwa sababu ya pombe, mairungi (miraa), kubeti au kutoroka shule.

Idadi ya watu wazima. Mlezi mmoja kwa vijana wanane ni kiwango kizuri, lakini hata wakiwa watano tu, walezi wasipungue wawili. Kundi likitoka kambi kuu kwenda kulala kwingine, wawe watatu. Hesabu yake ni hii: kijana anaugua saa nane usiku, mlezi mmoja anampeleka kituo cha afya. Kama mlikuwa wawili, kundi limebaki na mtu mmoja mpaka asubuhi, na akiugua wa pili hakuna wa kumpeleka.

Kulala. Mlezi halali hema moja na vijana, hata mvua inyeshe vipi. Hema lake linakaa hatua tano hadi saba kutoka kwao, mlango ukitazama milango yao. Hema la walezi liwe kati ya wavulana na wasichana. Vijana watatu au wanne kwa hema ni bora kuliko wawili, na usimweke wa miaka 13 na wa miaka 17 pamoja.

Kuhesabu. Kila kijana ana namba yake tangu siku ya kwanza, na yeye ndiye anayeitaja kwa sauti: kabla ya kuondoka, baada ya kufika, kabla ya kula, kabla ya kulala. Ukihesabu kwa macho utahesabu mmoja mara mbili. Usiku zunguka saa nne, saa saba na saa kumi. Tochi ielekeze chini, usimmulike mtu usoni. Unachotafuta ni pumzi na kichwa. Blanketi lililokunjwa likafunikwa vizuri linafanana kabisa na mtu aliyelala, kwa hiyo usiondoke bila kuona kichwa.

Jambo la mwisho kwa leo, nawaomba mlishike. Msimfungie mtoto ndani ya chochote. Februari 2024, huko North Carolina, Marekani, mtoto wa miaka 12 alikufa katika kambi ya porini kabla hata hajamaliza siku moja pale. Alikuwa amelazwa ndani ya mfuko wa kulalia uliofungwa na kuwekewa king'ora ili asitoroke, na uchunguzi ukaonyesha alikufa kwa kukosa hewa. Hapa kwetu Oktoba 2022 moto wa bweni kwenye shule ya vipofu ya Salama, Mukono, uliua watu 11. Zipu, kufuli, komeo la nje, nondo za dirishani: anayelala ndani lazima aweze kutoka mwenyewe, gizani, bila kuomba ufunguo. Na sigiri haiingii hemani wala bandani hata makaa yakionekana yamekufa, maana hewa yake huua bila moshi wala harufu.

#2 Vac256

Asante mzee. Nimemaliza Senior Six (mwaka wa mwisho wa sekondari), nina miaka 19, na nimepewa nafasi ya wiki sita. Wanataka nianze Jumatatu. Wamesema mkataba tutaongea nikifika. Niulize nini?

#3 Karatasi_Kwanza

Dogo, usipande taxi kabla hujapata maandishi.

Wakuulize wewe kwanza. Kambi inayokuchukua bila kuuliza cheti cha mwenendo mwema kutoka kitengo cha Interpol cha Polisi, bila kuwapigia watu wawili wanaokufahamu, na bila kukusainisha sera ya ulinzi wa watoto, imewachukua na wengine vilevile. Utalala karibu na watu ambao hakuna aliyewachunguza.

Kisha uliza wewe:

Nani anakesha? Kama jibu ni "wote mnalala lakini mnasikiliza", hakuna anayekesha. Kambi nzuri ina zamu ya usiku iliyoandikwa kwa majina, na aliyekesha hapeleki kundi lake mlimani asubuhi.

Siku ya mapumziko ni ipi? Sheria ya Ajira ya 2006 inampa mfanyakazi saa 24 mfululizo za kupumzika kila wiki, na wiki ya kawaida haizidi saa 48. Kazi ya kulala kambini hufuta mipaka hiyo kimyakimya, kwa sababu chumba chako na kazini kwako ni pamoja. Siku ya mapumziko iwe nje ya kambi. Ukibaki ndani, vijana watakuja mlangoni kwako, nawe hutawafukuza.

NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) inakatwa? Mfanyakazi anatoa asilimia 5, mwajiri asilimia 10. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2022, mwajiri hawezi kujitetea kwamba ana wafanyakazi wachache.

Gari la dharura liko wapi usiku, na dereva analala wapi? Namba ya boda wa senta ya jirani si mpango wa dharura. Mgonjwa mwenye degedege au mguu uliovunjika hapandishwi boda.

Na wewe una miaka 19. Usikubali kundi la wenye miaka 17. Omba wa 13 na 14, ukiwa chini ya mlezi mkubwa. Tofauti ya miaka miwili haitoshi kukufanya mlezi wao: watakuona mwenzao, na mipaka yote inakuwa migumu, hasa baina ya mvulana na msichana.

#4 Muuguzi_Mbale

Naongeza upande wa afya, maana hapa ndipo walezi wanapojitwisha visivyo vyao.

Kwanza, fomu ya afya isomwe kabla kijana hajafika. Ikisomwa siku ya kwanza jioni umechelewa. Maswali ambayo fomu nyingi hukosa: Je, ana siko seli (selimundu)? Amewahi kuanguka kifafa? Anakojoa kitandani? Kinywaji cha mwisho alikunywa lini? Hilo la mwisho si la kumhukumu. Kijana aliyezoea waragi (pombe kali) kila siku akikatishwa ghafla anaweza kuanza kutetemeka ndani ya saa 6 hadi 24, na degedege huweza kuja ndani ya siku mbili za kwanza. Mzazi anayesema "huko porini ataacha tu" anampeleka mtoto mbali na hospitali katika siku zile zile anazoihitaji. Huyo aanzie kwa daktari. Hospitali ya magonjwa ya akili ya Butabika, Kampala, kuna huduma ya ulevi na huduma ya watoto na vijana. Kambi ifuate baadaye.

Siko seli. Si ugonjwa wa nadra kwetu: uchunguzi wa kitaifa uliotolewa miaka kumi hivi iliyopita uliona kama asilimia 13 ya watoto wachanga wamebeba chembe hiyo, na wenye ugonjwa wenyewe ni kama 7 kwa kila 1,000. Mwenye ugonjwa huumizwa na vitu vitatu ambavyo kambi inavyo kwa wingi: baridi, kiu na uchovu. Asiogelee maji ya baridi, asikae na nguo mbichi, anywe maji kabla hajasikia kiu, na milima mirefu si yake. Homa yoyote au maumivu ya kifua kwake ni safari ya hospitali muda uleule.

Malaria. Mlezi hagawi Coartem (dawa ya malaria) kwa kukisia. Kipimo cha haraka kwanza, na ujue kipimo hicho huweza kubaki chanya kwa wiki kadhaa baada ya mtu kupona, kwa hiyo muulize kama ametibiwa hivi karibuni. Dozi huenda kwa uzito: kilo 25 hadi 34 ni vidonge 3 kwa mara moja, kilo 35 na zaidi ni 4. Mara ya pili ni saa 8 baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Makosa ninayoyaona kambini ni mawili. La kwanza, kumeza tumbo likiwa tupu. Dawa hii inahitaji mafuta, mpe na njugu, maziwa au chapati. La pili, kijana anatapika nusu saa baada ya kumeza na hakuna aliyeandika. Akitapika ndani ya saa moja, dozi inarudiwa. Asiyeweza kunywa, anayetapika kila kitu, aliyechanganyikiwa, mwenye degedege au mkojo wa rangi ya kahawa haongojei asubuhi.

Dawa za kila siku na siri. Kambini kutakuwa na kijana anayemeza ARV (dawa za HIV). Akiitwa peke yake kila usiku saa mbili, ndani ya siku tatu hema zima limejua. Kuna njia rahisi: kila kijana, mwenye dawa na asiye nazo, apite kwa muuguzi mmoja mmoja saa mbili kukaguliwa miguu. Utaona malengelenge, funza na vidonda, na humohumo mwenye dawa anameza bila mtu kujua. Dawa zikae kwenye pakiti zake, ndani ya sanduku lenye kufuli, ukiacha pampu ya pumu. Hiyo iko mfukoni mwa mwenyewe na ya akiba iko kwa mlezi.

Kuhara: chumvichumvi za ORS, pakiti moja kwa lita moja. Zikiisha, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi kwa lita moja ya maji salama, vijiko vilivyosawazishwa juu. Chumvi ikizidi ni hatari kuliko kuikosa, kwa hiyo pima, usikadirie kwa mkono.

#5 Stoo_na_Jiko

Muuguzi amesema kuhara. Kuhara hutokea kwangu, jikoni na chooni, basi ngoja niseme.

Maji: kadiria lita 15 kwa kila mtu kwa siku, kwa kunywa, kupika na kuoga. Vijana 24 na watu wazima 4 ni lita 420, yaani jerikeni 21 za lita 20. Kama kambi ina jerikeni nane na kijana mmoja wa kuteka, tayari unajua nini kitakosekana. Kitakosekana cha kunawa mikono. Jerikeni za kunywa zipakwe rangi mdomoni, zisiingie kazi nyingine. Kidonge cha klorini cha miligramu 67 kinatosha jerikeni moja ya maji maangavu. Maji ya tope chuja kwanza kwa kitambaa, weka viwili, kisha subiri nusu saa kwa saa ya mkononi. Vijana wakiwa na kiu hawasubiri, kwa hiyo ya mchana yatibiwe usiku.

Choo: angalau mita 30 kutoka chanzo cha maji, na upande wa chini wa mteremko. Tundu moja kwa watu wasiozidi 20, ya wasichana mbali na ya wavulana, na majivu yawekwe kila mara. Kibuyu chirizi, wengi hapa wanakiita tipitapu, kinatengenezwa kwa nusu saa: jerikeni ya lita 5, msumari uliochomwa motoni wa kutobolea karibu na mdomo, miti miwili yenye panda, mti wa kulaza juu, kamba, na kijiti cha kukanyaga. Sabuni toboa katikati uifunge kwa kamba. Kinaharibika kwa sababu mbili: tundu limetobolewa kubwa maji yakaisha kabla ya mtu wa nne, au hakuna aliyepewa zamu ya kujaza. Kiweke njiani kutoka chooni, mahali ambapo mtu hawezi kupita bila kukiona.

Posho (ugali): kwa kijana anayetembea, gramu 500 za unga kwa siku, mchana na jioni, na gramu 150 za maharage makavu. Kwa vijana 24 ni kilo 12 za unga na kilo 3.6 za maharage kila siku, bila walezi. Maharage yaloweke tangu jioni, utaokoa kuni nyingi. Unga na njugu zenye harufu ya uvundo usijaribu kuziokoa kwa kuzipika sana, sumu ya ukungu haiondoki kwa moto.

Na asubuhi uji uwe na njugu ya kusaga au maziwa. Uji mtupu unaisha tumboni saa nne, na saa nne ndiyo saa ya ugomvi.

#6 Mchungaji_wa_Vijana

Mimi sikubaliani na ulaini huu wote. Watoto wa Kampala wamedekezwa. Njaa ya siku moja na kutembea usiku huwarudisha akili. Na simu zikusanywe siku ya kwanza, zichomwe ikibidi.

#7 Mlezi_Mpanga

Mchungaji, kwa heshima, hapana. Chakula, maji, usingizi, choo na dawa si zawadi, kwa hiyo haviwi adhabu. Kuchapa vilevile: marekebisho ya Sheria ya Watoto ya 2016 yamepiga marufuku adhabu ya viboko shuleni, na kambi isidhani msitu umeiweka nje ya sheria. Lakini acha sheria kidogo. Kijana mwenye njaa hateremki mteremko wenye tope salama. Kijana ambaye hajalala hupiga mwenzake. Utakuwa umetengeneza kwa mkono wako tatizo unaloajiriwa kulizuia.

Kinachofanya kazi ni matokeo yanayofanana na kosa, ya muda mfupi, yaliyosemwa mapema. Amechafua jiko, anasafisha jiko pamoja na mlezi. Amemtukana mwenzake, anatembea leo mbele karibu na mlezi. Kesho kosa limefutwa.

Anayepandisha hasira: ondoa watazamaji, si yeye. Waambie wengine kumi wakateke maji. Simama pembeni yake, hatua mbili, mikono ionekane, sauti ishuke chini ya yake. Uliza jambo dogo la mwili: umekunywa maji? Viatu vinabana? Usimshike ila anakaribia kujiumiza au kuumiza mtu, na hapo muwe wawili, muda mfupi kabisa, na kamwe asilazwe kifudifudi mtu akamkalia mgongoni. Hivyo ndivyo watu wanavyokufa mikononi mwa walezi.

Simu: zikusanywe, sawa, lakini mbele ya mwenyewe. Zizimwe, ziingie bahasha yenye jina, aandike namba ya simu na hali ya kioo, wote wawili wasaini. Mpe siku maalumu ya kuongea na nyumbani, na mlezi asisimame akisikiliza. Kambi inayozuia mtoto kuongea na mzazi peke yake inajenga ukuta ambao mtu mbaya ataufurahia. Namba 116, simu ya bure ya watoto, ibandikwe chooni, mahali ambapo kijana husoma bila kuonwa.

Kupekua mabegi: watu wazima wawili wa jinsia ya kijana, mwenyewe akiwepo, yeye ndiye anatoa vitu. Begi linapekuliwa, mwili haupekuliwi. Kuber (tumbaku ya kuweka mdomoni) hufichwa ndani ya soli za viatu na kwenye bomba la dawa ya meno, waragi kwenye chupa ya mafuta ya kujipaka.

#8 Mchungaji_wa_Vijana

La bahasha na saini nimelichukua. La chakula nimekusikia pia, sitalirudia.

#9 Sipi_hadi_Mude

Mimi ni wa milima, nitasema yanayomhusu mlezi tu.

Radi. Novemba 2024 radi ilipiga ibadani kwenye makazi ya wakimbizi ya Palabek, Lamwo, watu 14 wakafa. Banda la mabati bila waya wa kushusha umeme ardhini si kinga. Ukiona mwanga, hesabu: ngurumo ikifika kabla ya sekunde 30, acheni kila kitu. Gari lililofungwa vioo au jengo la kudumu ndiyo mahali salama. Hakuna, basi tokeni kileleni na kwenye mti ulio peke yake, achaneni hatua kadhaa kila mtu, chuchumaa miguu pamoja. Msishikane mikono. Subirini dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Kwa misimu ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, mvua kubwa mara nyingi huja baada ya saa saba mchana, kwa hiyo safari ianze saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kambi iwe imesimama kabla ya saa nane.

Mlima Elgon. Njia iitwayo Sasa, kutoka Budadiri, inapanda haraka, na kambi ya Mude iko mita 3,500. Usiku huko maji ya chupa huweza kuganda. Kijana aliyekulia Kampala anafika na suruali ya jinzi, na jinzi ikilowa haikauki. Angalia mabegi siku mbili kabla, si asubuhi ya safari: sweta la sufu au fulana nzito, kofia, soksi jozi tatu, moja ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki na haivaliwi ila kulalia. Dalili za mwili kupoa kupita kiasi ni mikono kushindwa kufunga kamba, kujikwaa, kunung'unika maneno yasiyoeleweka. Anayetetemeka halafu akaacha kutetemeka bila kupata joto hali yake imezidi. Vua mbichi, vaa kavu, mfunike pamoja na kichwa, mpe kitu kitamu cha moto kama anaweza kumeza mwenyewe. Maumivu ya kichwa na kutapika juu ya mita 2,500, chukulia ni mlima mpaka ithibitike vingine: hapandi tena, na akianza kuyumba au kukohoa sana anashushwa, hata usiku.

Mapango yenye popo, hapana. Mwaka 2008 mtalii kutoka Uholanzi alikufa kwa homa ya virusi vya Marburg baada ya kuingia pango la popo katika msitu wa Maramagambo. Vijana watataka picha. Picha wapige nje.

Nyoka: msikate, msinyonye, msifunge kamba ya kubana, msiweke jiwe jeusi. Vua pete na bangili, kiungo kisitikisike kama kilichovunjika, mgonjwa abebwe, asitembee. Moma halikimbii likisikia watu, linakaa palepale njiani, kwa hiyo usiku hakuna kwenda chooni bila tochi na viatu.

Ziwani: kichocho kipo kwenye Victoria na Albert, hasa ukingoni penye majani na konokono. Maji ya kuoga yateke, yakae siku mbili kwenye pipa lililofunikwa, ndipo myatumie. Mtumbwini kila mtu avae jaketi la kuelea kuanzia nchi kavu, na mlezi pia, kwani wakikuona huna, watalivua. Palipo na kiboko, hema lisikae kwenye njia iliyolala majani kuelekea majini. Hiyo njia ina mwenyewe, na anaitumia usiku.

#10 Anti_Kambini

Nimesoma yote, na wasichana wametajwa kwenye choo tu.

Pedi: hesabu kila msichana kana kwamba ataanza akiwa kambini, maana mabadiliko ya mazingira huvuruga tarehe. Sanduku liwe mahali pa kuchukua bila kuomba, na kamwe lisiwe kwa anko. Pedi za kufuliwa, kama AFRIpads za kwetu, zinafaa wiki sita za kambi, lakini tu kama kuna mahali pa kuzianika juani palipofichika. Zikianikwa ndani ya hema hazikauki na zinaleta muwasho. Za kutupa zinahitaji shimo lake la kuchomea, la sivyo zitaziba choo.

Anayekojoa kitandani: mwambie mama yake kwa simu kabla ya kambi kwamba hilo litashughulikiwa kimya. Karatasi ya plastiki chini ya kila godoro, si lake peke yake. Mwamshe saa nne na saa kumi kwenye mizunguko yako. Shuka la akiba liwe kwako, na asubuhi mashuka mawili matatu ya hema hilo yatoke kufuliwa pamoja. Usimpunguzie maji mchana, mpunguzie baada ya saa moja jioni.

Na kijana akikuambia kwamba ametendewa ubaya, nyumbani, shuleni au hapohapo kambini: kaa mahali mnapoonekana lakini hamsikiki. Usiahidi siri. Mwambie, "Nitamwambia mtu mmoja anayeweza kusaidia, na nitakuambia ni nani." Usimhoji, usiulize "kwa nini hukupiga kelele". Maneno yake yaandike kama alivyoyasema, kwa lugha aliyotumia, Kiganda, Lusoga, chochote, pamoja na saa. Siku hiyohiyo yafike kwa mkuu wa kambi, na kama anayetajwa ni mkuu wa kambi, nenda moja kwa moja polisi kwenye dawati la watoto na familia, au kwa ofisa wa ustawi wa jamii wa wilaya, au piga 116. Ikiwa ni kubakwa, hospitali ndani ya saa 72 kwa dawa ya kuzuia HIV, na mapema ni bora zaidi. Nguo zisifuliwe, ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi kwa sababu plastiki huozesha ushahidi. Fomu ya polisi inaitwa PF3A. Usingoje fomu ndipo umpeleke kutibiwa.

Usimkabili anayetuhumiwa. Kazi yako ni kumweka mtoto mbali naye usiku ule.

#11 Vac256

Asanteni sana wote. Nimewaandikia kuomba mkataba. Swali moja: kijana akitoroka usiku nianze wapi?

#12 Mlezi_Mpanga

Dakika tano za kwanza: hesabu upya kwa namba, muulize aliyelala naye hema moja, peke yake na bila kumtisha, angalia kama viatu na sweta vipo. Viatu vikiwepo, hajaenda mbali.

Kisha maji kwanza. Ziwa, mto, kisima, shimo la choo. Anayetembea barabarani anaweza kupatikana baada ya saa moja, aliyeanguka majini hana saa moja. Wawili wanatafuta, mmoja anabaki na kundi, na kundi lote linakaa sehemu moja na kuhesabiwa kila dakika kumi, kwa sababu mara nyingi anayetoroka ana mwenzake anayesubiri vurugu. Usiwapeleke vijana kutafuta.

Dakika kumi na tano: mkuu wa kambi ameamshwa, mtu na gari wako barabarani. Kijana wa mjini haendi msituni, anafuata barabara kuelekea taa, kwenye senta, kwenye stendi ya boda. Ndiyo maana siku ya kwanza ya kambi unakwenda kumsalimu mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) na madereva wa boda, unawaachia namba ya simu na unawaambia: kijana wetu akitaka umbebe, usimkatalie, mbebe polepole utupigie.

Nusu saa, au mara moja kama ana ugonjwa, amesema anataka kujiua, au ni msichana na kuna mwanaume anayehusishwa: polisi 999 au 112, na mzazi. Mzazi asipigiwe baada ya kupatikana. Apigiwe akiwa bado anatafutwa.

Akipatikana: maji, chakula, blanketi, kukaguliwa na muuguzi, kulala. Maswali ni asubuhi, na swali ni moja, alikuwa anakwenda wapi. Anayekimbilia mahali ni tofauti na anayekimbia mtu.

#13 Vac256

Na hayo yote nayaandika wapi? Wana kikundi cha WhatsApp cha walezi.

#14 Karatasi_Kwanza

Usiandike habari za mtoto kwenye WhatsApp, dogo. Nunua daftari lenye mistari, lenye jalada gumu, la kurasa zilizoshonwa ili ikichanwa moja ionekane. Weka namba kwenye kila ukurasa kwa kalamu kabla hujaanza. Kila zamu andika tarehe, saa, idadi ya vijana, nani amemeza dawa, nani hakula, nani hakulala, nani amelia. Andika ulichoona: "namba 7 amekaa nje ya hema saa saba hadi saa nane, amesema ana baridi." Usiandike "namba 7 ana matatizo". Ukikosea piga mstari mmoja, andika juu yake na usaini, usifute kwa rangi nyeupe. Anayeingia zamu anasoma mbele yako, anahesabu vijana pamoja nawe, anasaini chini ya jina lako, ndipo unakwenda kulala. Daftari linalala kwenye sanduku la dawa, kwa kufuli ileile.